Ryzen 5 5600 na B450, au i3-12100F na H610? Mashine ya gemu, bajeti ya kubana (Mtwara)

Chikongola_Juu
Wakuu heshima kwenu. Nataka kuunga kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu, nipo Mtwara mjini. Nimekwama kwenye prosesa (ubongo wa mashine) na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vyote). Muuzaji wa Kariakoo kanipa machaguo mawili: Ryzen 5 5600 ya AMD na bodi ya B450 ya mtumba, au i3-12100F mpya ya Intel na bodi ya H610 mpya. Bei zinapishana kidogo sana. Hela ninayo, nataka niitume kabla wiki haijaisha. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

Pweza Mkavu
Mkuu umeuliza nusu. Gemu gani? Kadi ya grafiki unayo? RAM (kumbukumbu ya muda) unayo, na kama unayo ni aina ya DDR4 au DDR5? Bajeti shilingi ngapi? Hizo prosesa zote mbili hazina grafiki ndani. Bila kadi utawasha halafu utatazama kiza.

Korosho Ghafi
Ryzen, funga uzi. 5600 ina kori 6 (injini ndogo za kazi ndani ya prosesa) na thredi 12 (kazi inazoshika kwa mara moja), hiyo i3 ina kori 4 na thredi 8. Hapo kuna mjadala gani tena?

Mtu wa Newala
Korosho Ghafi wewe kila uzi ni AMD, ungekuwa unalipwa tungeelewa. Huyu kaletewa kitu kipya na kitu cha mtumba, bei karibu sawa. Mtu mzima anachukua kipya.

Tulia Mikindani
Chukua PS4 ya mtumba, nunua pedi mbili, hela ya chenji kula pweza. Mambo ya baiosi (programu inayoiwasha bodi) na soketi (tundu la prosesa) waachie watu wa Dar.

Pweza Mkavu
Tulia, mleta mada hajaulizia PS4.

Tulia Mikindani
Namwokoa tu jamani.

Bin Mingoyo
Hiyo B450 ya mtumba ngoja niwape kisa, maana yalinikuta.

Mwaka 2024 niliagiza 5600 hiyohiyo na bodi ya B450 kwenye duka moja Dar. Nilimuuliza muuzaji kabisa kwa simu, hii bodi inaipokea 5600? Akajibu, "Bosi hiyo ni soketi ya AM4, inakula Ryzen zote." Mzigo ukashuka, usiku nikafunga kila kitu, nikawasha. Feni zinazunguka. Kibodi haiwaki. Skrini inasema hakuna mawimbi. Kwenye kona ya bodi kuna taa ndogo nyekundu, pembeni yake pameandikwa CPU, na haizimiki. Nikatoa RAM nikairudisha, nikahamisha tundu, nikachomoa betri ya bodi nikangoja, nikairudisha. Taa ipo palepale. Fundi wa huku Lindi akaja, akasema pawa saplai ndogo. Nikanunua nyingine. Taa. Akasema basi prosesa imeungua, mtumie muuzaji.

Sasa sikilizeni. Bodi za B450 zilitoka 2018, 5600 ilitoka 2022. Soketi ni moja, ila baiosi iliyokuwemo kwenye ile bodi ilikuwa ya zamani, haikujua kama duniani kuna kitu kinaitwa 5600. Dawa yake ni kupandisha baiosi, na bodi yangu haikuwa na kile kitufe cha kupandishia kwa flashi bila prosesa, kwa hiyo inabidi uwashe kwanza kwa Ryzen ya zamani kama 2600. Nikazunguka Lindi mjini kutafuta mtu mwenye Ryzen ya zamani aniazime kwa saa moja. Kote unakuta Dell za ofisini. Muuzaji akasema nimrudishie bodi aipandishe mwenyewe. Na ndiyo ilikuwa Mei ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar imekatika Somanga, mabasi hayapiti. Bodi yangu ikalala kwenye ofisi ya basi, nikipita naiona juu ya rafu. Barabara ilipofunguka ikaenda, ikapandishwa, ikarudi, ikawaka mara ya kwanza tu nilipobonyeza. Prosesa nzima kabisa! Muuzaji hata nauli ya mzigo hakunirudishia. Na ile pawa saplai ya pili bado ninayo.

Mtu wa Newala
Sasa si ndiyo hayo. H610 imetoka pamoja na kizazi cha 12, unafunga, unawasha, unacheza.

Korosho Ghafi
Intel nao wa kusema? Chukua bodi za H110 na H310, zote soketi zinaitwa 1151. Weka prosesa ya i5-8400 kwenye H110 uone kama itawaka. Inaingia vizuri kabisa na haiwaki ng'o, na hiyo huponi kwa baiosi ya kampuni. AMD wameshikilia AM4 tangu Ryzen ya kwanza 2017. Leo una 5600, kesho ukipata hela unachomeka prosesa ya 5700X3D palepale, bodi ileile.

Mtu wa Newala
Na LGA1700, soketi ya hiyo H610, inapokea prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14. Kwani i5-14400F haipo?

Korosho Ghafi
Kwenye H610 ile ya bei ya chini, saketi za umeme zipo uchi hata bati la kupozea hazina? Haya, hongera.

Chikongola_Juu
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Gemu ni eFootball, GTA V na Valorant. Kadi ninayo, GTX 1650 kaniachia shemeji yangu. RAM ninazo mbili za DDR4, kila moja GB 8. SSD ipo, monita ipo ya Hz 60. Kwa prosesa na bodi nimetenga laki sita na nusu.

Pweza Mkavu
Ungeanza na haya tusingefika Somanga.

Kwa GTX 1650 na monita ya Hz 60, prosesa yoyote kati ya hizo itaingoja kadi. Hutaona tofauti kwenye GTA V. Tofauti ya kori 6 na kori 4 itakuja siku ukibadilisha kadi, au kama unarekodi huku unacheza. Kwa hiyo usibishanie kasi hapa, bishania kipi kitawaka bila kukusumbua.

Jambo moja kubwa: RAM yako ni DDR4, na bodi za H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5. Haziingiliani, ule mkato wa chini umekaa sehemu tofauti. Mwambie muuzaji akutumie picha ya boksi usome jina lote. Za Asus mara nyingi utaona D4 mwishoni, MSI na Gigabyte wanaandika DDR4. Akikwambia "H610 tu, zote sawa", usitume hela.

Fundi Ligula
Nimewasoma wote, mnasahau mnaishi wapi.

Mimi mashine zinazoletwa kwangu hazifi kwa uhaba wa kori. Zinakufa kwa umeme na chumvi. Ukiwa Shangani karibu na maji, fungua keisi baada ya mwaka mmoja: skrubu zina kutu, mabati ya matundu ya nyuma yana madoa, kwenye miguu ya RAM kuna ukungu wa kijani. RAM ukiifuta kwa ufutio wa penseli inarudi, ila tundu la kadi likishika kutu ni kazi. Kwa hiyo bodi ya mtumba kabla hujailipia taka picha ya karibu ya matundu na ya soketi.

Pili, F ile kwenye 12100F maana yake haina grafiki. Kadi ya shemeji ikifa (1650 zimeshakuwa wazee), utakaa bila kompyuta mpaka basi la Dar lilete nyingine. Mimi ningetafuta 12100 isiyo na F. Unaongeza kidogo, ila kadi ikifa unachomeka waya wa monita kwenye bodi, unaendelea hata kama ni eFootball kwa picha za chini. Kwa upande wa AMD kuna 5600G kwa kazi hiyo, ila kashe yake (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ni MB 16 wakati 5600 ina MB 32, kwenye gemu inaachwa nyuma kidogo.

Korosho Ghafi
Hapo kwenye F fundi nakubali. Kwenye kutu pia.

Mama wa Magemu Masasi
Kaka zangu mmesahau feni. Prosesa ikiuzwa bila boksi mara nyingi haiji na feni yake. Na usidhani utachukua ile ya mashine ya zamani ya Intel: matundu ya LGA1700 yamekaa kwa milimita 78, soketi za nyuma kama 1200 na 1151 ni 75. Inakaribia kabisa kuingia, inakutia tamaa, halafu haiingii. Mdogo wangu aliiforsi mpaka bodi ikapinda.

Na ukichukua AM4 siku ya kutoa feni ujihadhari. Ile dawa ya joto iliyo kati ya feni na prosesa ikikauka, ukivuta moja kwa moja prosesa inakuja nayo kama jino, soketi ingali imefungwa, pini zinapinda. Washa mashine ipate joto kwanza, zima, chomoa umeme, kisha zungusha feni taratibu kushoto na kulia ndiyo uivute.

Chikongola_Juu
Nashukuru sana dada. Kwa hiyo nikichukua Ryzen baadaye nikaongeza kadi ya RX 6500 XT itafaa? Kuna mtu ananiuzia.

Mama wa Magemu Masasi
Kwenye B450 hiyo kadi iache. Inatumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi), na B450 ni PCIe 3, yaani kizazi cha 3, kwa hiyo inabanwa na gemu nyingi zinashuka. Inataka PCIe 4, yaani B550 na 5600, au hiyo H610 na i3 yako. Nashangaa hakuna aliyelisema hili, Mtu wa Newala ulikuwa na pointi mkononi ukaiacha.

Mtu wa Newala
Nilikuwa naiweka akiba.

Tulia Mikindani
Na Valorant mtamwambia lini? Kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za mashine) viwe vimewashwa kwenye baiosi. Na Windows 10 Microsoft waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025. PS4 haikuulizi hayo.

Pweza Mkavu
Mashine zote mbili zinavyo, ni kuingia kwenye baiosi na kuwasha. Ila nakupa heko, leo umeongea kitu.

Tulia Mikindani
Nina kompyuta pia, ninyi mlidhani nini. Kuna mtu Mtwara ana GTA V kwenye diski anikopie? GB zaidi ya 100 kwa bando langu ni kichekesho.

Fundi Ligula
Njoo Ligula na diski yako. Nakala halali lakini, na akaunti yako mwenyewe. Sitaki kesi.

Bin Mingoyo
Mleta mada na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) umeweka kwenye hesabu? Umeme ukirudi kwa kishindo hakuna cha Ryzen wala cha Intel.

Mtu wa Newala
UPS ya laki moja inakupa muda wa kuzima tu, si wa kumaliza mechi. Asubiri malipo ya korosho anunue laptopu ya gemu, ina betri yake.

Korosho Ghafi
Laptopu ya gemu kwenye betri inashuka nusu ya kasi. Acha kumpoteza mtoto wa watu.

Chikongola_Juu
Wakuu mambo yamebadilika. Muuzaji kasema ile B450 imeuzwa asubuhi, amebaki na A520 mpya kwa bei ileile. H610 yake nimeomba picha, jina linaishia na D4. Ila 12100 isiyo na F hana.

Pweza Mkavu
A520 ni ya 2020, ugonjwa wa baiosi ni huohuo lakini uwezekano wa kuwaka na 5600 ni mkubwa kuliko B450. Mwambie aifunge na 5600 hapohapo dukani, aiwashe, akurekodie video skrini ikionyesha jina la prosesa. Akikataa una jibu lako. Na A520 nayo ni PCIe 3, ile 6500 XT bado haina nafasi.

Korosho Ghafi
A520 chukua.

Mtu wa Newala
D4 chukua.

Fundi Ligula
Muulize duka la jirani yake kama wana 12100. Kariakoo hawashindwi kuchukuliana mzigo.

Chikongola_Juu
Sawa fundi, nampigia sasa hivi. Bin Mingoyo, ile pawa saplai yako ni wati ngapi?

Bin Mingoyo
550. Njoo inbox tuongee bei, ila nauli ya mzigo safari hii ni ya mnunuzi.