Marekani: jimbo likipanga mchujo kinyume na chama cha taifa, nani mwenye neno la mwisho?

Mdadisi_wa_Kura
Wakuu, naomba ufafanuzi. Januari 2024 jina la Biden halikuwepo kwenye karatasi ya mchujo wa New Hampshire (kura ya kumpata mgombea urais wa chama), na alikuwa rais aliye madarakani. Nasikia chama chake chenyewe, Demokrati, kiliukataa mchujo ule. Kwetu CCM ndiyo hujipangia siku ya kura za maoni, basi. Kule inakuwaje jimbo litaje tarehe, chama kigome, na watu wapige kura vilevile? Na adhabu ni ipi hasa?

KanuniKwanza
Mkuu, tenganisha sanduku la kura na kiti cha mkutano mkuu. Mchujo mwingi kule huendeshwa na serikali ya jimbo kwa fedha za umma, hivyo tarehe hutoka kwenye sheria ya jimbo. Lakini kinachogombewa ni wajumbe wa mkutano mkuu unaomteua mgombea urais, na anayewapokea au kuwakataa ni chama cha taifa. Mahakama ya Juu ilishalisema hilo mwaka 1981 katika kesi iliyotoka Wisconsin: jimbo haliwezi kukilazimisha chama kupokea wajumbe waliopatikana kinyume na kanuni zake.

Sheria ya New Hampshire inataka mchujo wake utangulie uchaguzi wowote wa aina hiyo kwa siku 7 au zaidi, na tarehe hutajwa na Katibu wa Jimbo. Februari 2023 Demokrati wa taifa wakapitisha kalenda nyingine: South Carolina Februari 3, 2024, kisha Nevada na New Hampshire Februari 6. Bunge la New Hampshire na gavana walikuwa wa Republikan, nani angewabadilishia sheria? Katibu akataja Januari 23. Kanuni za Demokrati zinamnyima wajumbe mgombea anayeweka jina au kufanya kampeni kwenye jimbo lililokaidi, ndiyo maana Biden hakujiandikisha. Wapiga kura wakaandika jina lake kwa mkono, akashinda.

Mzee_wa_Takwimu
Kwenye adhabu, itazame 2008. Demokrati waliruhusu majimbo 4 tu kutangulia Februari 5: Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina. Florida ikajisogeza hadi Januari 29, Michigan Januari 15. Kanuni ilitaja kukatwa nusu ya wajumbe. Kamati ya kanuni ikapandisha hadi wote. Demokrati wa Florida walijitetea kwamba bunge lao lilishikwa na Republikan. Utetezi haukupita, kwani wengi wao walikuwa wameupigia muswada ule kura ya ndiyo (ndani yake kulikuwa na kifungu cha karatasi za kura walichokitaka sana).

Michigan ndiyo iliyovurugika zaidi. Wagombea Obama na Edwards waliondoa majina, Hillary Clinton akabaki. Alipata takriban asilimia 55, na asilimia 40 wakachagua kisanduku cha "bila mgombea". Sasa hizo 40 ni za nani? Mei 31 kamati ikagawa wajumbe 69 kwa Clinton na 59 kwa Obama, kila mjumbe nusu kura. Hesabu hiyo haikutoka kwenye sanduku lolote, ni maridhiano ya mezani. Agosti kwenye mkutano mkuu kule Denver, mshindi akiwa keshajulikana, majimbo yote mawili yakarudishiwa kura kamili.

Mdadisi_wa_Kura
Kumbe adhabu husamehewa mwishoni! Sasa inamtisha nani?

KanuniKwanza
Demokrati, ndiyo, husamehe. New Hampshire nayo ilirudishiwa wajumbe 2024. Republikan walijifunza mapema. Mwaka 2012 Florida ilijisogeza hadi Januari 31, ikakatwa kutoka wajumbe 99 hadi 50, na mgombea Mitt Romney akawachukua wote 50. Kwa jimbo linalotaka kamera na wagombea, hiyo ni bei nafuu. Ndipo wakaweka kisu kikali: jimbo kubwa linalokaidi hubaki na wajumbe 9 pamoja na wale 3 wanaoliwakilisha kwenye kamati ya taifa ya chama.

Bibi_Kalenda
Kisu hicho ndicho kilichowahangaisha Republikan wa Michigan 2024. Demokrati, wakishika bunge na ugavana, walihamisha mchujo hadi Februari 27, kabla ya Machi 1 inayoruhusiwa na Republikan. Wajumbe 55 wangebaki 12! Suluhisho likawa kugawanya: 16 kwa matokeo ya mchujo wa serikali, 39 kwa mikutano ya wilaya za uchaguzi Machi 2.

Demokrati nao walikwama kidogo. Sheria ya Michigan isiyopata theluthi mbili ya kura bungeni huanza kutumika siku 90 baada ya bunge kufunga kikao cha mwaka, na theluthi mbili hawakuipata. Wangefunga Desemba kama kawaida, sheria ingechelewa mchujo wenyewe. Wakafunga Novemba 14, ikawahi.

Njia nyingine ni chama cha jimbo kuususa mchujo wa serikali na kuendesha chake. Republikan wa Nevada walifanya hivyo 2024: mchujo wa serikali Februari 6, mikutano ya chama Februari 8, na mgombea aliyejiandikisha kwenye mchujo akafungiwa mikutano. Nikki Haley, mpinzani wa Trump, akaenda kwenye mchujo, usiokuwa na mjumbe hata mmoja, akashindwa na kisanduku cha "hakuna kati ya hawa". Trump akazoa wajumbe wote 26. Ila ukichagua njia hiyo, kumbi, makarani na daftari la wanachama ni juu ya chama, serikali haitoi senti.