Mnada wa sakafu ya bahari kwa umeme wa upepo: serikali zinapangisha au zinauza?

Mwenye mada

Wakuu, habari. Naomba tujadili hili kwa utulivu maana kila likiguswa watu wanagawanyika makundi mawili tu, wa "upepo ni mkombozi" na wa "mnaharibu bahari", na mimi sipo kwenye kundi lolote hapo. Umeme wa upepo baharini naukubali. Denmark walianza Vindeby mwaka 1991 kwa mitambo 11 tu, yote pamoja megawati 5, leo mtambo mmoja mpya unazidi hiyo peke yake mara mbili na ushee. Kwa hiyo teknolojia ipo, hilo tuliweke pembeni.

Ninachotaka tujadili ni kile kibali cha kwanza kabisa, kabla hata nguzo haijatengenezwa, pale serikali inapochora kipande cha bahari na kusema hapa nampa fulani. Kisheria wana haki, ule mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani mamlaka kamili mpaka maili 12 za baharini, na kwenye ukanda wa kiuchumi wa maili 200 inapewa haki za kutumia rasilimali, na upepo umetajwa humo kwa jina. Tatizo langu ni namna wanavyochagua wa kumpa. Siku hizi mara nyingi ni mnada tu, mwenye mfuko mnene anabeba. Ujerumani mwaka 2023 walitoa maeneo ya gigawati 7, kampuni za mafuta bp na TotalEnergies wakaahidi jumla euro bilioni 12.6, magazeti yakashangilia. Agosti 2025 wakatoa maeneo mengine mawili Bahari ya Kaskazini, hakutokea hata mmoja. Denmark nao Desemba 2024, gigawati 3, sanduku tupu! Sasa jamani, kitu kinachouzwa mabilioni leo na kesho kinakosa hata mtu wa kuuliza bei, hiyo ni bei kweli au ni kamari?

Msimamo wangu: ramani kwanza, wavuvi na wanasayansi wakae mezani wakati penseli bado iko hewani, serikali ipime yenyewe upepo na udongo wa chini, halafu pesa ije mwisho. Uholanzi wanafanya karibu hivyo, toka mradi wa Borssele serikali inafanya uchunguzi wa eneo, kampuni ya gridi inayomilikiwa na serikali inaleta waya mpaka baharini, mzabuni anakuta nyumba ina msingi tayari. Karibuni mnipinge.

Mhasibu

Nimekusoma mkuu ila hapo kwenye pesa umeteleza. Sakafu ya bahari ni mali ya umma, sasa kwa nini umma usilipwe? Ukiondoa bei unabaki na nini, kamati ya watu saba chumbani wanapeana maksi za "ubora wa mpango", tunajua sote maksi hizo zinapatikanaje. Mnada una ubaya wake lakini angalau namba inaonekana.

Angalia Uingereza, wana mfano mzuri wa pande zote mbili. Kule Scotland, Januari 2022 waliweka kikomo, hakuna kulipa zaidi ya pauni 100,000 kwa kilomita moja ya mraba, wakagawa miradi 17 ya karibu gigawati 25 na kupata kama pauni milioni 700, malipo ya mara moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo Crown Estate, hawa ndo wasimamizi wa sakafu ya bahari upande wa England na Wales, walifanya mnada bila kikomo na ada ikafika kama pauni milioni 879 kwa mwaka. KWA MWAKA, wakati kampuni bado inasubiri vibali vingine. Watu wa Scotland wakaanza kulalamika wameuza kwa bei ya kutupa. Sasa niambie ungekuwa wewe ndo waziri ungewajibu nini.

Mwenye mada

Ningewajibu kwamba ile pesa haitoki mbinguni. Kampuni ikilipa ada kubwa mwanzoni ina njia mbili za kuirudisha, ama kwenye bei ya umeme, ama inakalia eneo ikisubiri vyuma na riba vishuke. Septemba 2023 hukohuko Uingereza walitangaza matokeo ya raundi ya mikataba ya bei ya umeme, ile ambayo serikali inamhakikishia mzalishaji bei, mradi wa upepo wa baharini hata mmoja haukuomba, bei ya juu iliyowekwa haikuwatosha. Miezi miwili kabla ya hapo kampuni ya Vattenfall walikuwa wamesimamisha mradi wao wa upepo wa Norfolk Boreas wakisema gharama zimepanda asilimia 40. Sakafu ya bahari ilishatolewa na kibali kipo, ila umeme hakuna. Ndo maana nasema kulipa sana sio ushahidi kwamba utajenga.

Nikubali moja hata hivyo, hoja yako ya kamati ya chumbani inanitesa na sina dawa yake kamili. Labda masharti yanayopimika kwa namba: tarehe ya kuanza kujenga, na ukipitiliza unarudisha eneo.

Nahodha mstaafu

Vijana mnahesabu mabilioni, ngoja niwaonyeshe kitu kidogo. Mkichora kile kisanduku kwenye ramani mnaona maji matupu. Mimi naona mkondo. Wavu wa kukokota hauko chini ya chombo, uko nyuma yako mita mia kadhaa, umeshikwa na nyaya mbili za chuma na milango miwili mizito inayoteleza ikichimba mchanga ili mdomo ubaki wazi. Huwezi kupiga kona kama pikipiki. Kugeuka unahitaji nafasi kubwa, na maji yanavuta upande mmoja huku upepo unasukuma mwingine. Sasa weka nguzo hapa, nyingine kilomita moja mbele, na katikati waya wa umeme uliofukiwa mita moja au mbili. Wanasema umefukiwa. Mchanga wa chini ya bahari unatembea, mwanangu, leo uko mita moja na nusu baada ya misimu kadhaa uko wazi kama mzizi wa mnazi. Penye mwamba hawafukii kabisa, wanamwaga mawe juu. Mlango wa wavu ukinasa hapo unachagua, ukate nyaya uache wavu wote huko chini, au ung'ang'anie chombo kilale ubavu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "uvuvi unaruhusiwa kati ya mitambo", sawa, unaruhusiwa kwenye karatasi. Ubelgiji angalau ni wakweli, wamepiga marufuku kabisa ndani ya maeneo ya mitambo. Kwingine wanakuachia ruhusa halafu bima ndo inakufukuza.

Na kingine, tunaitwa kwenye mkutano wakati visanduku vimeshachorwa. Unaulizwa maoni juu ya rangi ya mlango, nyumba imeshajengwa.

Fundi Waya

Mzee shikamoo. Hoja ya wavu umeimaliza, siibishi. Ila tusisahau upande wa pili, zile nguzo baada ya miaka michache zinajaa kome na viumbe wengine, samaki wanakuja kula na kujificha, na pasipokokotwa wavu chini pa bahari panapumzika. Sisemi ni hifadhi, nasema sio jangwa.

Kelele za ujenzi ndo kasheshe. Nguzo ya chuma kipenyo mita nane mpaka kumi inagongwa na nyundo ya haidroliki, pigo baada ya pigo kwa saa kadhaa, na nyangumi na pomboo wanaishi kwa masikio. Ujerumani waliweka sharti kwenye kibali, sauti isizidi desibeli 160 ukipima mita 750 kutoka kwenye nguzo. Makandarasi wakapiga kelele wee haiwezekani, leo wanatandaza bomba lenye matundu sakafuni kuzunguka nguzo, wanasukuma hewa, linapanda pazia la viputo mpaka juu na sauti inavunjikia humo. Kwa hiyo mwenye mada yuko sahihi kwenye hili, sharti la namba lilifanya kazi ambayo maneno matamu yasingefanya.

Dada Msomi

Naona wote mnaongea kana kwamba kibali kikitoka kimetoka. Hapana jamani. Mahakama kuu ya Uingereza ilifuta kibali cha mradi wa upepo wa Norfolk Vanguard Februari 2021 kwa sababu waziri hakupima athari za mradi wa jirani kwa pamoja, ikabidi kirudiwe, kikatoka tena mwaka mmoja baadaye. Hilo mimi naliona zuri, ndo kazi ya mahakama.

Lakini angalia Marekani. Februari 2022 walifanya mnada wa maeneo sita karibu na New York wakakusanya dola bilioni 4.37. Januari 2025 rais mpya siku ya kwanza ofisini anasitisha ugawaji wote wa maeneo mapya. Halafu Agosti 22 mradi wa Revolution Wind pale pwani ya Rhode Island, kazi imefika asilimia 80 hivi, nguzo zimesimama, meli ziko kazini, unaletewa amri simamisha. Jaji akawaruhusu waendelee mwezi mmoja baadaye. Mwezi mzima meli za kukodi zinakula pesa bure. Sasa kaka Mwenye mada, ramani yako nzuri na meza yako ya wavuvi itasaidia nini kama serikali inayofuata inaweza kuamka asubuhi ikafunga?

Na jeshi je? Sweden Novemba 2024 walikataa miradi 13 kwa mpigo Bahari ya Baltiki, wakasema mitambo inavuruga rada na muda wa kugundua kombora ungepungua toka dakika mbili mpaka moja. Kampuni zilishatumia miaka kupima upepo na kuhesabu ndege.

Mwenye mada

Dada umenibana. Ila Sweden ndo mfano wangu mimi bora kuliko yote niliyotoa! Jeshi lilikuwa na pingamizi, na uzito wake ukaonekana mwishoni. Lingekuwa mezani siku ya penseli, zile kampuni zisingepoteza miaka. Kule ni kampuni yenyewe ndo ilikuwa inachagua eneo halafu inaomba, kinyume kabisa na Uholanzi.

Marekani sina jibu la kiufundi. Nitasema hivi tu, Denmark pale Middelgrunden mbele ya Copenhagen waliposimamisha mitambo 20 mwaka 2000, nusu ilimilikiwa na chama cha ushirika chenye maelfu ya wananchi wa kawaida walionunua hisa. Mtambo wenye wenyeji elfu nane na zaidi ndani yake sio rahisi kuusimamisha kwa karatasi moja, maana wapiga kura ndo wenye mali. Mwenye kampuni moja ya mbali hana wa kumlilia.

Mhasibu

Ushirika kwa mradi wa megawati 40 kama Middelgrunden sawa. Kwa gigawati 3 utachangisha mpaka lini? Hisa iwe kipande tu, asilimia fulani, na mnada ubaki. Hapo tunaweza kukutana njiani.

Mwenye mada

Kipande nakubali. Ila bei isiwe kigezo cha kwanza, hapo sibanduki.

Nahodha mstaafu

Mimi nina swali moja ambalo hakuna aliyeligusa. Mkataba ukiisha baada ya miaka kama thelathini, nani anaondoa mitambo?

Fundi Waya

Aliyejenga, mzee, na kwenye vibali vingi anatakiwa aweke dhamana ya pesa mapema. Vindeby ilitolewa 2017, ile ilikuwa na misingi ya zege wakaivunja palepale na kuiondoa. Nguzo za chuma zilizogongwa chini mara nyingi hukatwa kidogo chini ya usawa wa sakafu, kipande cha ndani kinabaki humohumo. Nyaya nazo kuna zinazoachwa.

Nahodha mstaafu

Basi hivyo vipande na hizo nyaya vichorwe kwenye ramani, na kina chake kiandikwe. Mchanga unatembea, nimeshasema.