Kasha la diski 2, la diski 4 au NAS? Naomba ulinganisho, studio ndogo Mwanjelwa

mpigapicha_mwanjelwa
Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya picha na video hapa Mwanjelwa, Mbeya. Harusi, kipaimara, mahafali. Hadi leo kazi zote ziko kwenye diski sita za nje ndani ya boksi la viatu, kila moja nimeibandika plasta yenye mwaka. Wiki tatu zilizopita ile ya 2021 ilianza kugonga, tik, tik, tik, mwisho kompyuta ikaacha kuiona kabisa. Humo mlikuwa na harusi kumi na moja. Kuna familia ya Uyole imefiwa na mzee wao mwezi huu, wakaja kuomba kile kipande alichosimama kuwabariki maharusi. Nilikosa la kuwajibu. Sitaki jambo hili linikute tena.

Nina TB 5 za kazi, na kila mwaka zinaongezeka kama TB 1.5. Nimeangalia njia tatu: kasha la diski mbili la USB, kasha la diski nne la USB (QNAP TR-004 au TerraMaster D4-300), au NAS (kasha la diski linalojitegemea, linalofikiwa na kompyuta zote kupitia mtandao wa ndani) ya diski mbili kama Synology DS223. Ninatumia Windows, kompyuta ya mezani moja na laptopu moja. Anayetumia mojawapo anisaidie.

fundi_kihesa
Pole sana kaka. Kwanza hiyo diski ya 2021: usiiwashe tena hata mara moja. Mlio huo mara nyingi ni vichwa vya kusomea vilivyoharibika, na kila ukiiwasha vinaweza kukwaruza sahani zenye data. Usiigonge, na usiiweke kwenye friji kama watu wanavyoshauriana. Ifunge vizuri uitunze mpaka upate pesa ya kuipeleka kwa mtu mwenye chumba safi cha kufungulia diski. Inawezekana mzee bado yumo.

Sasa makasha. Hayo mawili ya diski nne uliyoyataja hayafanani. TR-004 ina RAID yake ndani, yaani mfumo wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, unachagua kwa vijiswichi vya nyuma. D4-300 haina RAID, kila diski inaonekana peke yake kwenye kompyuta. Wengi wanaiona hiyo ya pili kama pungufu. Mimi kwa bakapu naiona ndiyo salama zaidi, na nitakueleza kwa nini.

Ukiweka diski nne za TB 4 kwenye RAID 5 unapata TB 12, na moja ikifa kazi inaendelea. Inavutia. Lakini data imekatwa vipande na kutawanywa kwenye diski zote nne, na anayejua mpangilio wake ni kontrola ya lile kasha, ule ubao wa ndani unaoziongoza diski. Niliwahi kuletewa kasha la namna hiyo (la kampuni nyingine kabisa, siitaji) kutoka Makambako, radi imelipiga. Nikazitoa diski nne, nikazipima moja moja: zote nzima. Nikaichomeka moja kwenye kompyuta yangu, Windows ikaniuliza kama niifomati. Hapo ndipo watu wanapobonyeza ndiyo na kupoteza kila kitu. Tulikaa zaidi ya mwezi tukitafuta kasha la modeli ileile ili zisomeke. Mwenye mali alikuwa akinipigia kila asubuhi.

Kwa hiyo swali langu kwako si diski ngapi. Ni hili: kasha likiungua usiku wa leo, kesho asubuhi utaisomea wapi hiyo diski?

mhasibu_njombe
Kaka pole. Mimi niko upande wa NAS. Ofisini kwetu Njombe tuko wanne, tuna NAS ya diski mbili karibu miaka mitatu. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna anayehitaji kukumbuka. Kila kompyuta inanakili yenyewe usiku, na mtu akifuta folda leo nairudisha ya jana, kwa sababu inatunza matoleo ya nyuma. Kasha la USB linamtegemea binadamu achomeke waya, na siku umechoka na harusi ya Jumamosi hutauchomeka.

Ubaya wake niuseme pia. Inawaka muda wote, kwa hiyo UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni lazima. Na radi haipiti kwenye waya wa umeme tu, inapita hata kwenye waya wa mtandao unaotoka nje. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikitanda sisi tunachomoa vyote viwili.

fundi_kihesa
Dada umesema kweli kuhusu matoleo ya nyuma. Lakini asije akadhani diski mbili zinazoakisiana ndani ya NAS ni nakala mbili. Ukifuta faili, inafutika kote kuwili sekunde ileile. Virusi vikiyafunga mafaili, vinafunga kote. Kuakisiana huko, yaani RAID 1, kunakuokoa na diski kufa, basi.

mpigapicha_mwanjelwa
Asanteni sana. Mimi niko peke yangu studio, kijana wangu wa kazi huja mwishoni mwa wiki tu. Vipi spidi? Muuzaji anasisitiza nichukue kasha la USB ya Gb 10 (gigabiti 10 kwa sekunde) badala ya Gb 5, na bei inapanda.

fundi_kihesa
Usipandishe bei kwa hilo kama unaweka diski za kuzunguka. Diski nzuri ya mizunguko 7200 kwa dakika inatoa kati ya MB 180 na 250 kwa sekunde. USB ya Gb 5 inabeba hata mbili kwa pamoja bila shida kubwa. TB 5 zako kwa MB 180 ni kama saa nane: unaacha jioni, asubuhi zimeisha. NAS kupitia mtandao wa gigabiti moja hufika MB 110 hivi, yaani saa kumi na mbili na zaidi. Na hapo ni kwa waya. Kwa Wi-Fi usijaribu kabisa.

mwl_tehama_mafinga
Niongezee kuhusu diski zenyewe, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Kuna diski za CMR na za SMR. Za CMR mistari ya data imekaa kando kwa kando; za SMR imelaliana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mstari mmoja ni lazima kuandika upya na inayoufuata. Kusoma ni sawa, kuandika mzigo mkubwa mfululizo spidi inaporomoka. Mwaka 2020 kulikuwa na malalamiko makubwa duniani baada ya kubainika kwamba baadhi ya WD Red zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa. Siku hizi WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR. Ukiagiza Kariakoo, omba picha ya lebo kabla ya kutuma pesa, na uisome namba ya modeli yote mpaka herufi za mwisho. Zikifika kwa basi, zipime kwa programu ya CrystalDiskInfo: saa za kuwaka zikisoma maelfu, hiyo si mpya, irudishe.

mpigapicha_mwanjelwa
Mwalimu, hilo la lebo sikulijua kabisa, shukrani.

Nimeamua hivi, nisahihisheni. Kasha la diski mbili lisilo na RAID, diski mbili za TB 8, kila moja inajitegemea. Ya kwanza napokelea kazi, ya pili inanakili kila usiku kwa programu. Ya tatu, TB 8 vilevile, naipeleka kwa dada yangu Tukuyu na kuibadilisha kila mwisho wa mwezi. NAS nitaifikiria nikipata mfanyakazi wa kudumu.

fundi_kihesa
Hapo umepiga penyewe. Ya Tukuyu iwekee pakiti za kunyonya unyevu, kule mvua hazina likizo. Kwenye daladala ipakate, usiiweke kwenye buti.

mhasibu_njombe
Na uifunge kwa nywila kabla haijatoka studio. Ni sura za watu na watoto wao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Kama Windows yako ni Pro, BitLocker, programu ya kufunga diski kwa nywila, imo ndani. Ule ufunguo wa kuifungulia uandike kwenye karatasi, nakala moja uachie nyumbani.

mwl_tehama_mafinga
Kaka, adapta ya kasha iandike jina kwa kalamu ya wino mzito siku hiyohiyo unapolifungua. Kichwa cha waya wa adapta ya laptopu kinaweza kuingia pale vizuri kabisa, na ile inatoa volti 19 wakati kasha la namna hii kwa kawaida linataka 12. Mwanafunzi wangu aliziunguza diski mbili hivyo ndani ya sekunde moja.

mpigapicha_mwanjelwa
Naandika sasa hivi hata kabla halijafika. Diski ya 2021 nimeifunga kwenye kitambaa, nimeweka kabatini. Familia ya Uyole nimewapigia, nimewaambia bado najaribu.