Tupeane uzoefu: Septemba hii tayari kuna mti wa Krismasi dukani

Bwana Kipara (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Jana nimeingia supamaketi kutafuta betri za rimoti, natokea kona ya feni na mipira ya kumwagilia bustani nakutana uso kwa uso na mti wa Krismasi, umeshapambwa, taa zinawaka zinazima, na pembeni yake Baba Krismasi wa plastiki ana stika imeandikwa MPYA, halafu chini ya hiyo stika unaona kabisa ncha nyekundu ya stika ya punguzo ya mwaka jana inachungulia. Septemba hii jamani. Tena wiki ya kwanza.

Mi Krismasi naipenda sana tu, msininukuu vibaya. Ila nataka nisikie kutoka kwenu yaliyowakuta, sio kulalamika tu maana tukianza kulalamika hatumalizi leo. Uliyefanya kazi dukani, unayeuza, mwenye watoto, unayenunua mapema na unaona inakulipa, na wewe unayetuona sisi wengine tunajisumbua bure, karibuni. Majina ya maduka tusitaje.

Keshia wa Zamu
Mi nimekaa kaunta misimu kadhaa, acha niwape kitu ambacho mteja hakioni. Wewe unaingia dakika chache unasikia nyimbo mbili unasonya unaondoka zako. Sisi tuko mle zamu nzima, na ile playlisti ni fupi, ikiisha inaanza upya, kengele zilezile, kwaya ileile ya watoto, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mkesha wenyewe. Unafika nyumbani unaosha vyombo unajikuta unaimba na wala hujapenda.

Halafu kulikuwa na mdoli mmoja wa Baba Krismasi, ana sensa kifuani, mtu akipita tu mbele yake anakata kiuno na kuimba. Nani aliyemweka karibu na kaunta yangu mpaka leo sijui. Foleni ikisogea hatua moja anaanza, mtoto akirudi nyuma anaanza tena, mlinzi akipita kwenda chooni anaanza. Tukamgeuza aangalie ukuta, meneja akapita akamgeuza. Tukamgeuza tena. Mwisho mwenzetu mmoja mpole sana, wala humdhanii, akakata kipande cha solatepu nyeusi akabandika palepale kwenye sensa. Kimyaaa. Meneja akaja akambonyezabonyeza weee, akasema hii bidhaa mbovu, ipelekeni stoo. Tulicheka mpaka machozi.

Bwana Kipara
😂😂😂 huyo mpole apewe zawadi

Mzee wa Stoo
Naona lawama zote zinaenda kwa mwenye duka, ngoja niseme upande wa manunuzi maana ndo kazi yangu. Mapambo mengi mnayoyaona duniani yanatoka China, na sehemu kubwa sana inatoka mji mmoja tu, Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Oda ya Krismasi haiwekwi Novemba. Mnunuzi mkubwa anaweka nusu ya kwanza ya mwaka, kiwanda kinatengeneza, kontena linapanda meli, linakaa baharini wiki kadhaa, bado bandari, bado forodha, bado lori. Na mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, hapo safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka wiki moja mpaka mbili. Sasa wewe utathubutu kupiga hesabu ya kubana? Kontena la Krismasi likifika tarehe 27 Desemba hilo sio mzigo tena, hilo ni msiba.

Kwa hiyo tunaagiza mapema kwa kuogopa, mzigo unafika mapema, halafu unakaa stoo. Na boksi la mti wa plastiki ni refu, linakula nafasi, vitu vinavyouzika kila siku vinakosa pa kukaa. Meneja anaangalia anasema toeni nje, kama kuna atakayenunua anunue. Hakuna kikao kilichokaa kikasema tuwaudhi wateja, ni stoo imejaa. Na duka la ng'ambo ya barabara likishatoa na wewe unatoa, hutaki kuwa wa pili. Kule Marekani chama cha wauzaji rejareja, National Retail Federation, huwa wanasema Novemba na Desemba peke yake zinaleta karibu asilimia 19 ya mauzo yao ya mwaka. Miezi miwili tu. Ndo maana kila mtu anataka kuivuta iwe mitatu, iwe minne.

Keshia wa Zamu
Mzee wangu umeeleza vizuri ila mti hauna kelele. Muziki nao ulikuja na kontena?

Mzee wa Stoo
Hapo sina jibu mwanangu.

Mama Wawili
Wenye watoto wa miaka mitatu minne mko wapi mnisaidie. Mtoto hana kalenda kichwani. Kwake akiona mti maana yake ni kesho. Wangu mdogo aliona mapambo dukani mwezi wa kumi, kuanzia siku hiyo kila asubuhi anaamka anauliza "mama ndo leo?", namwambia bado, anaenda kukaa mlangoni amenuna. Kila asubuhi!! Nikabadili njia ya kuingilia pale dukani, naingilia mlango wa nyuma upande wa sabuni nisipite ile shelfu, akagundua, akawa ananishika mkono ananivuta "twende kwa mti". Ikifika Desemba yenyewe mtoto ameshachoka kusubiri, siku ile alipoona zawadi aliangalia kidogo akaenda kuchezea boksi.

Kilichonisaidia mwaka uliofuata ni kukata vipande vya karatasi vya rangi nikaviunga mnyororo, kuanzia Desemba mosi tu, kila siku anachana kimoja. Kabla ya hapo jibu ni moja, "mnyororo haujawekwa bado". Akauliza mara chache akaacha.

Mlevi wa Chai
Boksi huwa linashinda zawadi siku zote hilo usilaumu duka 😅

Machinga Huru
Mi nauza taa na mapambo barabarani, sina fremu, na hii mada inanihusu mfukoni kabisa. Zamani msimu wangu ulikuwa wiki nne tano za mwisho, nachukua mzigo kwa jumla, nauza, narudisha mtaji, nabaki na faida yangu. Sasa maduka makubwa yakianza Septemba wateja wenye hela ya kupanga wanakuwa wameshanunua huko. Na mimi nikisema nianze nao mapema, mtaji unalala. Ile hela ningekuwa nimezungusha kwenye vitu vingine mara mbili tatu, imekaa kwenye taa ambazo mtu anazishika anaziangalia anasema "nzuri, nitakuja mwezi wa kumi na mbili". Duka kubwa linaweza kulaza mzigo miezi mitatu, mimi siwezi kulaza hata wiki mbili.

Kinachoniokoa ni mkesha. Mkesha watu wamesahau kitu, waya wa taa umekatika, nyota ya juu ya mti imevunjika, maduka yana foleni mpaka nje, wanakuja kwangu hawaulizi bei mara mbili. Kwa hiyo mi nimewaachia Septemba yao, najipanga kwa ajili ya waliochelewa. Wapo wengi sana na Mungu awabariki.

Dada Mipango
Mnisamehe nitawaudhi, mi ndo hao wanaonunua Septemba na sioni aibu. Mshahara ni uleule kila mwezi, Desemba haiji na mshahara wake. Nikinunua zawadi moja mwezi huu, mwezi ujao karatasi za kufungia na taa, Desemba nimekaa nimenyoosha miguu wakati nyie mnasukumana. Kuna mwaka mdogo wangu alinicheka sana, ikafika tarehe 23 akanipigia simu eti dada hivi una karatasi za kufungia zimebaki?

Ila angalieni kitu kimoja wanaonunua mapema hawakiangalii, siku za kurudisha bidhaa. Risiti nyingi zina muda wake, ukinunua Septemba ukaweka kabatini ukafungua Desemba ukakuta nusu ya waya hauwaki, muda umeshapita na hakuna wa kumlilia. Taa unazichomeka kwenye soketi siku hiyohiyo unayonunua, zote, uzione zinawaka, ndo unazirudisha kwenye boksi. Jirani yangu yalimkuta, akaambiwa risiti imeisha muda wake na taa zenyewe hajawahi kuzitumia hata siku moja.

Mpenda Historia
Dada Mipango una babu na bibi kwenye historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kule Marekani waliokuwa wanawahimiza watu wanunue zawadi mapema walikuwa ni watetezi wa wafanyakazi. Florence Kelley wa National Consumers' League alikuwa akipiga kelele kuhusu mabinti na watoto waliokuwa wanafanyishwa kazi madukani mpaka usiku mnene wiki za mwisho kabla ya Krismasi, kwa hiyo ombi lilikuwa nunueni mapema, muwaonee huruma hawa wanaowahudumia. Wenye maduka wakaona kumbe hili wazo ni tamu, wakalichukua, ile sehemu ya huruma wakaiacha mlangoni.

Na 1939 ikawa vituko kabisa. Novemba ile ilikuwa na Alhamisi tano, sikukuu ya Shukrani ikawa inaangukia tarehe 30, na biashara ya Krismasi kule ilikuwa inachanganya baada ya sikukuu hiyo. Wafanyabiashara wakalia na Rais Franklin Roosevelt, akairudisha nyuma wiki moja, tarehe 23. Majimbo mengine yakakubali mengine yakagoma, watu wakawa wanasherehekea siku tofauti nchi moja. Mpaka Bunge lao likapitisha sheria 1941 iwe Alhamisi ya nne basi. Yaani rais alisogeza sikukuu ili watu wapate wiki moja zaidi ya kununua, halafu sisi tunashangaa mti Septemba.

Baharia Mstaafu
Mkitaka kuona Krismasi ya mapema pandeni meli yenye Wafilipino. Nimefanya nao kazi miaka na miaka. Septemba mosi, sisemi Septemba katikati, MOSI, unaingia mesi, chumba cha kulia chakula, unakuta nyimbo za Krismasi zinalia, tupo katikati ya bahari joto la kufa mtu, injini inaunguruma, na mpishi anaimba kwa sauti ya pili. Kwao msimu ndo umeanza na haujaanzishwa na duka, watu wenyewe wanautaka. Wana misa zao za alfajiri kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba, na wengi hawashushi mapambo mpaka Januari ndani kabisa kwenye sikukuu yao ya Santo Niño, yaani Mtoto Yesu.

Mwanzoni nilikasirika. Halafu siku moja nikamuuliza bosun, mkuu wa mabaharia wa deki, mbona mapema hivi, akanijibu mkataba wake unaisha Machi, Krismasi atakuwa baharini, sasa akianza mapema anaipata ndefu. Sikumuuliza tena. Kwa hiyo mi nikiona mti Septemba simind, namind nikiona kabisa huyu aliyeuweka yeye mwenyewe haupendi.

Nyota ya Jioni
Naandika kifupi. Mama yangu alifariki Desemba, wiki ya Krismasi. Zamani nilikuwa najua Desemba itanipiga, najiandaa, naomba likizo, inapita. Sasa hivi naenda kununua dawa ya meno Oktoba nasikia ule wimbo aliokuwa anaupenda unatoka kwenye spika ya juu, sijajiandaa na chochote, naacha kikapu natoka nje. Siwaambii wasiuze. Wauze tu. Spika ndo naomba wasubiri kidogo.

Keshia wa Zamu
Pole sana dada. Na asante, maana wateja wanaotoka vile tunawaona na hatujui kwa nini.

Mama Wawili
Pole mpenzi 🙏

Mwalimu wa Kwaya
Mimi shida yangu ni upande wa pili, sijaona aliyeigusa. Sawa wanaanza mapema, mbona wanamaliza mapema? Kikanisa Majilio yanaanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, yaani inaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na hicho ni kipindi cha kungoja, rangi ya zambarau, wimbo wa Gloria (Utukufu) hauimbwi. Shangwe yenyewe inaanza usiku wa tarehe 24 na inaendelea mpaka Epifania, kijadi tarehe 6 Januari. Na Waorthodoksi wengi, Waethiopia wakiwemo, ndo kwanza wanasherehekea tarehe 7 Januari. Sasa nenda dukani tarehe 26 asubuhi, nyimbo zimezimwa, mti umelazwa chini una stika ya nusu bei, shelfu inafutwa vumbi kupisha mioyo myekundu ya Februari. Wanaimba miezi mitatu, sikukuu inapoanza wao wamenyamaza!

Nina vijana kwenye kwaya wakija mazoezi ya nyimbo za Krismasi Novemba wanaimba kwa uvivu, nikiuliza wananiambia mwalimu hizi tumeshazisikia sana. Nimeacha kushindana. Nachagua nyimbo ambazo hakuna duka linazipiga.

Abu Swaumu
Sisi tunawaangalia tu 😄 ila msifikiri tumepona, ofa za Ramadhani nazo siku hizi zinabandikwa Shaaban haijaandama. Afadhali kwetu mwezi unasogea kama siku kumi na moja kila mwaka, mpanga shelfu hajazoea. Na 2030 Ramadhani itaanza mara mbili mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba palepale mgongoni kwa Krismasi. Nataka nimuone huyo meneja siku hiyo.

Mlevi wa Chai
Mzee wa Stoo ulishajua hilo?

Mzee wa Stoo
Nimejua sasa hivi, mnaniharibia wikiendi.

Bwana Kipara
Haya wakuu nimesoma zote. Tupige kura basi, mapambo yatoke lini? Mi nasema Desemba mosi, mti na muziki pamoja.

Mwalimu wa Kwaya
Mti Majilio, muziki mkesha. Na usizimwe mpaka Epifania.

Keshia wa Zamu
Mti hata leo. Muziki Desemba katikati. Mdoli asitoke kabisa.

Dada Mipango
Mi Agosti 🙋

Machinga Huru
Maduka makubwa tarehe 20, mimi mosi. Mnaonaje 😂

Mzee wa Stoo
Kura zenu nimezisoma na nimezielewa, ila oda ya mwaka huu nilisaini Machi na kontena la pili linashushwa Jumatatu.