Jina la Babu kwenye ubao wa klabu

*UKOO WETU MOSHI* 🏔️

*Neema:* Shikamooni wakubwa. Klabu ya kriketi ya pale mtaani inaandika historia yake na itatundika ubao wa majina. Orodha nimeiona. Babu hayumo 😔

*Shangazi Mkubwa:* Marahaba mwanangu. Hayumo kivipi? Uwanja ule nani aliutunza?

*Mjomba Elia:* Dada, wameandika wachezaji. Mzee alikuwa mtunza uwanja.

*Shangazi Mkubwa:* Elia, asingeamka yeye alfajiri, nani angecheza?

*Neema:* Niko naye barazani. Anasema niandike maneno yake:

"Nilianza kazi mwaka wa Azimio la Arusha. Hatukuchezea kwenye nyasi, katikati palikuwa na moramu. Jioni naimwagia maji, tunaishindilia wawili kwa roli la chuma. Asubuhi natandika mkeka wa usumba, nauvuta mpaka ukaze, pembeni nagongomea misumari mirefu. Mkeka ukilegea mpira unaruka hovyo, mtu anapigwa usoni. Kisha napima yadi 22 na kupiga mistari ya chokaa. Wakati wa mechi nikashika daftari la mikimbio, yaani pointi. Ova ni mipira sita ya mrushaji mmoja. Ova yenye nukta sita, hakuna aliyepata kitu, naziunganisha zinakuwa herufi M. Hapo mrushaji anakuja mwenyewe kuchungulia."

*Baraka:* Babu hatari 🔥🔥

*Mama Baraka:* Shikamoo Baba. Na wale Wahindi waliokuwa wakicheza pale walienda wapi? Mimi nakua nilikuta uwanja umejaa mbuzi.

*Neema:* Anasema:

"Marahaba. Enzi za Mwingereza kila jamii ilikuwa na klabu yake. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi zikahama, wengine Uingereza, wengine Kanada. Jumamosi moja tukahesabu, wamefika tisa, na kriketi ni watu 11. Nahodha akanitazama, akasema vaa viatu."

*Mjomba Elia:* Kumbe Mzee alicheza?! Mbona hajawahi kusema?

*Shangazi Mkubwa:* Hamkuuliza. Mimi mdogo nilikuwa nampelekea chai kwenye chupa pale chini ya mjakaranda.

*Baraka:* Na 1975 je? Afrika Mashariki ilienda Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia timu moja.

*Neema:* Anasema Glenn Turner wa New Zealand alipata mikimbio 171 peke yake, sisi wote tukaishia 128. Mechi tatu, tumefungwa tatu. Bado zinamuuma 😅

*Baraka:* Mwambie vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza kabisa. Na mwaka 2014 kina Makhaya Ntini wa Afrika Kusini na Heather Knight wa Uingereza walicheza kriketi kwenye kreta ya Kibo, juu Kilimanjaro, mita 5,730!

*Neema:* Anauliza huko juu nani alitandaza uwanja.

*Shangazi Mkubwa:* 📷 📷
Tazameni. Daftari moja nililihifadhi kwenye sanduku la marehemu Mama. Ukurasa wa pili, mpigaji wa 11.

*Mjomba Elia:* Nimekuza picha. Wengine wana majina. Wa 11 ameandikwa "Mtunza uwanja", mikimbio 7, hakutolewa.

*Mama Baraka:* Jamani 💔 Ndiyo maana hayumo. Waliotengeneza orodha wamenakili majina tu.

*Neema:* Na mwandiko ni wake mwenyewe! Babu, kwa nini hukujiandika jina?

*Neema:* Anasema wakati ule aliona ndivyo inavyotakiwa. Sasa hivi angependa jina.

*Mjomba Elia:* Nimeelewa. Hizo picha nampelekea katibu leo, na kesho naenda kuonana naye. Baba aandikwe mara mbili, mtunza uwanja na mchezaji.

*Shangazi Mkubwa:* Hapo umenena. Na yule wa 10 je? Ameandikwa "Reli".

*Neema:* Anasema huyo alikuwa fundi wa stesheni, akirusha kwa kushoto, kwao Pasua. Jina analo kabisa. Anataka twende kumtafuta mwanawe kabla ubao haujachorwa.

*Baraka:* Gari ninayo. Jumamosi saa tatu nawapitia.