"Sorry" na "sorrow" ni ndugu? Nimekwama kwenye kadi ya rambirambi

MamaTumaini
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Uingereza, huu mwaka wa sita. Kuna babu mmoja namhudumia, juzi kafiwa na mkewe. Asubuhi nikamkuta kakaa kitandani, chai imempoa mkononi, soksi kavaa mguu mmoja tu. Nikamshika bega nikamwambia "sorry", maana moyoni nilikuwa nampa pole. Akanitazama, akasema taratibu: si kosa lako, binti yangu. Nikamvalisha soksi ya pili, nikatoka na donge kooni.

Sasa nataka kumwandikia kadi. Kamusi inanipa "sorrow", "sadness", "grief", yote huzuni. Yana uzito mmoja? Na "sorry" imezaliwa na "sorrow", au ni masikio yangu? Sitaki kumwandikia babu wa watu neno litakalomkaa vibaya.

Mwalimu_Mstaafu
Pole kwa siku hiyo, mwanangu. Nimesomesha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na swali hili wanafunzi hawakuliacha.

Si ndugu. "Sorrow" ni "sorg" ya Kiingereza cha kale. Wajerumani bado wanalo, "Sorge", ila kwao ni wasiwasi na mashaka. "Sorry" ilikuwa "sarig", kutoka "sar", yaani maumivu au kidonda, neno ambalo leo ni "sore". Ile "a" iligeuka "o" kwa kuvutwa na jirani yake "sorrow", ndiyo maana yanatudanganya. Kwa hiyo ulipomwambia babu "sorry", kwa asili ya neno ulimwambia unaumia. Hukukosea kitu.

Kwenye "sad" ndipo nilipochoka mwenyewe. Zamani maana yake ilikuwa aliyeshiba! Mjerumani akimaliza kula mpaka leo husema yuko "satt", shina hilo hilo. Kutoka kushiba likaenda kukinai, kuchoka, kuwa mzito, na kufikia karne ya 14 uzito ulishahamia moyoni. Lakini siku hizi limekuwa jepesi, hata timu ikifungwa watu wako "sad". Kwa babu halitoshi.

"Grief" lina asili ya Kifaransa, lugha iliyotawala kule baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Shina lake ni "gravis" ya Kilatini, kitu kizito. Ni mzigo aliotwishwa mtu. Kwa aliyefiwa, hilo ndilo lenyewe.

BintiPangani
Naomba niongezee, mwalimu. Mfiwa wao wanamwita "bereaved", na shina lake ni kupora, ukoo mmoja na "rob". Kwao aliyefiwa ni aliyeporwa. Sisi tunasema mtu amemfia, basi.

Dada, nadhani najua kwa nini babu alisikia kosa. Pole tunampa mtu, inatoka kwangu inakwenda kwake, naye anajibu nimeshapoa. "Sorry" ni hali ya anayesema, inabaki kwake. Babu akajiuliza huyu binti ana nini cha kujutia. Mwandikie "pole" kama ilivyo, halafu umfafanulie.

MamaTumaini
Nimerudi kuwashukuru, wote wawili. Kadi nimempa jana. Nimetumia "grief" mara moja, na chini nikaandika kwamba kwetu kuna neno la kumpa mtu mwenye mzigo, bila kosa la yeyote. Akaisoma mara mbili miwani ikiwa puani, akaniuliza linatamkwaje.

Leo alfajiri namaliza zamu ya usiku, macho mekundu, nampelekea chai. Akanishika mkono akasema "polei".