Naomba ushauri: mapera kwenye riwaya ya Bulawayo

Wadau, habari za jioni. Hapa Moshi tuna kikundi kidogo cha kusoma vitabu, wengi ni vijana waliomaliza kidato cha sita, na Jumamosi hii zamu ya kuongoza mjadala ni yangu. Kitabu ni We Need New Names cha NoViolet Bulawayo (2013). Binti Darling anakulia kwenye mtaa wa mabanda, katika nchi isiyotajwa jina (ingawa msomaji anaiona Zimbabwe waziwazi), kisha anahamia Marekani kwa ndugu yake.

Nimekwama kwenye mapera. Mwanzoni Darling na wenzake wanayaiba mtaa wa matajiri kwa njaa, wanayala mpaka choo kinagoma. Baadaye, akiwa Marekani na chakula kimejaa, anapata mapera ya kwao na anayafurahia ajabu. Mimi naona kwanza ni ufukara, kisha ni kumbukumbu. Mwenzangu anabisha: njaa ni ileile, kilichokosekana ndicho kimebadilika. Nimerudia kurasa hizo, nikapekua na uchambuzi mtandaoni; unasema tu "ishara ya nyumbani" na kupita. Jibu la mtihani hilo.

Naomba mnisaidie: ni sawa kusema ishara imegeuka maana, au nitafute maana moja inayobeba pande zote mbili? Na nianze na tukio lipi ili vijana, ambao kwao pera ni tunda la kuchuma njiani, wasiishie kunisimulia hadithi?

Natanguliza shukrani.